Laptopu yenye Linux imekuwa nzito na prosesa haipandi kasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye laptopu yake ina Ubuntu, Mint, Debian, Fedora au jamaa zao, na imeanza kujikokota. Kivinjari kinafunguka kwa kusuasua, video inakatakata, na ukichungulia kasi ya prosesa unakuta 800 MHz, pengine 400 MHz, kwenye mashine iliyouzwa kwa sifa ya kufika 3.4 GHz. Karibu kila mara kuna kitu kimeibana prosesa hiyo kwa makusudi: joto, umeme, mpangilio wa programu au bodi kuu yenyewe. Kila kimoja kina dalili zake. Ndiyo maana amri nyingi hapa chini ni za kusoma tu. Za kubadilisha ni chache, na kuna moja ambayo ningependa uitumie kwa kupima halafu uiache.

## Nimeangalia /proc/cpuinfo nikakuta 800 MHz. Ndiyo ugonjwa wenyewe?

Si lazima. Prosesa isiyo na kazi hushuka yenyewe ili isile betri, na 800 MHz kwa laptopu iliyotulia ni hali ya kawaida kabisa. Cha kuangalia ni inafika wapi ikipewa kazi. Fungua terminali mbili. Ya kwanza ionyeshe kasi kila sekunde:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Ya pili iipe prosesa mzigo kwa dakika moja:

`stress-ng --cpu 0 --timeout 60s`

Sifuri hapo maana yake viini vyote (core), zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake. Kama stress-ng haipo na bando limekata, andika `sha256sum /dev/zero`. Itakaza kiini kimoja mpaka ubonyeze Ctrl+C.

Namba zikiruka juu na kubaki juu, prosesa yako ni nzima, na uzito unaousikia unatoka kwingine (liko swali lake huko chini). Zikigoma kupanda, au zikipanda kisha zikaporomoka, endelea kusoma.

Usidanganywe na vitu viwili. Kwanza, yale maandishi ya "@ 1.60GHz" kwenye mstari wa model name ni sehemu ya jina la prosesa, hakuna aliyepima chochote hapo. Pili, kasi ya juu inayotangazwa ni ya kiini kimoja au viwili kwa muda mfupi. Core i5-8250U, ambayo imejaa kwenye laptopu za mtumba za ofisini, ina kasi ya msingi ya 1.6 GHz, ya juu 3.4 GHz, na bajeti ya wati 15. Viini vyake vinne vikifanya kazi pamoja kwa muda mrefu havitakaa kwenye 3.4, na hakuna wa kumlaumu.

## Nipime kwa kutumia nini nipate jibu la uhakika?

Tumia turbostat. Inatengenezwa pamoja na kerneli yenyewe (ile programu ya msingi ya Linux inayoendesha vifaa) na inasoma moja kwa moja kutoka kwenye prosesa. Kwenye Ubuntu iko ndani ya vifurushi vya linux-tools, kwenye Debian ndani ya linux-cpupower, kwenye Fedora ndani ya kernel-tools. Iendeshe huku stress-ng ikifanya kazi:

`sudo turbostat --quiet --show Busy%,Bzy_MHz,PkgTmp,PkgWatt --interval 2`

Utaona kitu kama hiki:

```
Busy%   Bzy_MHz  PkgTmp  PkgWatt
99.71   798      46      3.12
```

Mstari huo mmoja unasema mengi. Prosesa ina shughuli karibu asilimia 100, lakini inatembea kwa 798 MHz, ina nyuzi joto 46 tu, na inakula wati 3. Haina joto, haina uhaba wa kazi, na wati zake ziko mbali na kikomo. Mashine ya namna hiyo inazuiwa kutoka nje ya prosesa, na mtuhumiwa wa kwanza ni chaja.

Sasa linganisha na picha nyingine. PkgTmp ikiwa 97 huku MHz zinashuka taratibu, hapo ni joto. PkgTmp ikiwa 70 huku PkgWatt imesimama kama msumari kwenye 15, au kwenye 10, umegonga kikomo cha umeme. Na kama joto ni dogo, wati ni za wastani, lakini MHz zimekomea pale pale kwenye kasi ya msingi bila kuipita hata kidogo, kuna mtu au programu imezima turbo, yaani ruhusa ya prosesa kupita kasi yake ya msingi. Kwenye AMD soma joto kwa amri ya `sensors`, mstari wa Tctl.

Wengi huruka hatua hii, wakaanza kubandika amri walizozikuta mahali, na baada ya wiki hawajui tena ni ipi iliyoharibu nini. Pima kwanza, mara mbili: chaja ikiwa imechomekwa, kisha ukiwa kwenye betri.

## Imeganda kwenye 400 MHz au 800 MHz, haina joto, na hata nikiwasha upya ni vile vile. Kuna nini?

Hili ndilo swali linaloleta watu wengi hapa, na jibu lake mara nyingi halina uhusiano na Linux.

Prosesa za Intel zina waya wa ishara unaoitwa PROCHOT. Asili yake ni prosesa kuitangazia bodi kwamba "nimepata joto". Baadaye ishara hiyo ikafanywa ya pande mbili: bodi nayo inaweza kuivuta na kuiambia prosesa ipunguze mwendo, hata kama prosesa yenyewe ni ya baridi kama maji ya mtungi. Amri hiyo haina mjadala. Gavana gani umeweka (kanuni ya Linux ya kuchagua kasi ya prosesa), toleo gani la kerneli, hayo yote hayasikilizwi.

Bodi huvuta ishara hiyo kwa sababu kadhaa: saketi ya umeme imepata joto, sensa moja imekufa na inatoa usomaji wa uongo, betri imechoka, au chaja haijatambulika. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kila siku. Chukua chaja za Dell zenye plagi ya duara. Katikati kuna pini nyembamba ambayo haipitishi umeme wa kuendesha laptopu. Kazi yake ni kusoma kijichipu kilicho ndani ya chaja ambacho hutaja kwamba hii ni ya wati 65 au 90. Waya wa pini hiyo ni mwembamba, na kwa sababu kebo hukunjwa pale pale karibu na plagi kila siku, hukatika kabla ya zile nyingine. Taa ya chaja inawaka, laptopu inawaka, kila kitu kinaonekana kizima. Lakini BIOS, programu ya bodi inayoamka kabla ya Linux, haijui chaja hii inaweza kubeba mzigo gani, kwa hiyo inachagua usalama: inabana prosesa na kukataa kuchaji betri. Ukiwasha mashine unaweza kuona onyo kwamba aina ya chaja haikutambulika, na wengi wamezoea kulipita kwa kubonyeza kitufe bila kulisoma.

HP nao wana pini ya katikati, na Lenovo wenye plagi ya mstatili hutambua wati kwa rezista. Njia tofauti, matokeo yale yale.

Jaribio lake halihitaji hata bisibisi. Endesha stress-ng, tazama turbostat, kisha chomoa chaja. Kasi ikiruka hapo hapo kutoka 798 kwenda 2400 na zaidi, umempata mwizi. Ukirudisha chaja ikaanguka tena, hakuna cha kujadili. Azima chaja halisi yenye wati zinazotakiwa, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya laptopu au kwenye chaja ya awali, na ujaribu. Ikiwa hata kwa chaja nzima hali haibadiliki, shuku tundu la kuchomekea chaja: pini ya katikati hupinda, au nyaya zake huachia kwenye bodi. Ingia pia kwenye BIOS. Laptopu nyingi za biashara zina ukurasa unaoonyesha chaja iliyotambuliwa na wati zake. Ukiona imeandikwa haijulikani, jibu unalo.

Chaja za bei poa zinazouzwa kwa jina la "inaingia laptopu zote" ndizo zinazojaza swali hili. Zinaingia kweli. Kutambulika ni habari nyingine.

## Nimekuta amri ya wrmsr inayozima PROCHOT. Niitumie?

Kwa kupima, ndiyo. Kwa kuishi nayo, hapana.

Kwenye Intel mpangilio huo uko kwenye rejista (kihifadhi kidogo cha mipangilio ndani ya prosesa) namba 0x1FC, biti ya mwisho kabisa. Sakinisha msr-tools kisha soma:

`sudo modprobe msr`
`sudo rdmsr 0x1FC`

Utapata namba ya heksadesimali, tuseme 4005d. Tarakimu ya mwisho ikiwa 1, 3, 5, 7, 9, b, d au f, ujue bodi inaruhusiwa kuibana prosesa. Punguza moja na uandike:

`sudo wrmsr -a 0x1FC 0x4005c`

Anza na namba uliyoisoma kwenye mashine yako. Biti nyingine za rejista hiyo zinaongoza mambo mengine, na kunakili namba ya mtu mwingine ni kubadilisha vitu usivyovijua. Kama amri inakataliwa, huenda Secure Boot, ulinzi wa kuwasha mashine unaowekwa kwenye BIOS, imewashwa, na kerneli inapokuwa imejifunga kwa ajili hiyo hairuhusu kuandika kwenye rejista hizi. Mabadiliko yenyewe hupotea ukizima mashine, na mara nyingi hata ikitoka usingizini.

Kasi ikirudi mara baada ya wrmsr, umethibitisha kwamba ni ishara kutoka bodini. Prosesa bado itajilinda dhidi ya joto lake yenyewe. Ulichokiondoa ni ulinzi wa vitu vinavyoizunguka. Ukiwa na chaja ya wati 45 kwenye laptopu inayotaka 90, ukiondoa breki hiyo unaikamua chaja kupita uwezo wake saa nzima. Chaja ya kuiga, iliyofungwa ndani ya plastiki, juu ya godoro: sitaki kuendelea. Watu huweka amri hiyo ijiendeshe kila mashine inapowaka, na inafanya kazi kwa miezi. Kama sababu ni sensa iliyokufa kwenye bodi ambayo hakuna wa kuitengeneza, ninaelewa. Kama sababu ni chaja, nunua chaja.

## Natumia chaja ya USB-C. Si zote ni sawa?

Plagi ni moja, wati ni tofauti. Chaja ya simu ya wati 18 au 25 inaweza kuchaji laptopu iliyozimwa, polepole, lakini ikiwa imewashwa bodi itaibana prosesa au itaikataa chaja kabisa. Kebo nayo ina sauti. Kebo ya USB-C isiyo na chipu ya utambulisho hairuhusiwi kupita ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, hata ukiichomeka kwenye chaja ya wati 100. Baadhi ya laptopu huonyesha walichoafikiana:

`grep . /sys/class/power_supply/ucsi*/voltage_now`

Ukiona 5000000, hiyo ni volti 5. Chaja na laptopu hazijaelewana. Laptopu nyingi hutaka 20000000.

## Betri ilikufa, nikaitoa, natumia umeme wa ukutani tu. Inahusika?

Inahusika sana. Prosesa inaporuka kutoka usingizini hadi kasi ya juu, huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kwenye laptopu nyingi betri ndiyo inayoziba pengo hilo kwa sekunde chache. Bila betri, BIOS ya laptopu kama hiyo hushusha kikomo ili mashine isizimike. Betri iliyovimba au iliyochoka sana huleta hali hiyo hiyo (na iliyovimba itoe leo, suala la kasi baadaye).

## Inaanza vizuri, baada ya dakika chache inaporomoka. Ni joto?

Uliza kerneli, huwa inaandika:

`sudo dmesg | grep -i throttled`

Mstari unaosema "temperature above threshold, cpu clock throttled" ni ushahidi wa kutosha. Kuna pia kihesabu:

`grep . /sys/devices/system/cpu/cpu*/thermal_throttle/package_throttle_count`

Kinaanza sifuri kila unapowasha mashine. Kama ni 0 baada ya nusu saa ya kazi nzito, acha kuhangaika na feni. Tatizo liko kwingine.

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa ukomo wa nyuzi 100, na za AMD kwa kawaida 95 au juu kidogo. Kwa hiyo kuona 92 wakati wa kazi nzito kwenye mashine nyembamba si dharura. Dharura ni ikifika 98 kwa kufungua kivinjari tu. Na usisahau chumba. Mfumo wa kupoza unaweza tu kushusha joto kuelekea joto la hewa inayoingia. Laptopu iliyosifiwa kwa utulivu kwenye chumba cha nyuzi 22 itakuwa juu kwa takriban nyuzi 10 zaidi kwenye chumba cha 32 cha Tanga au Mombasa mwezi Februari.

Ukifungua kifuniko cha chini, usiridhike na kupuliza juu juu. Vumbi linaloua laptopu halionekani kwa nje: hujikusanya kati ya feni na yale mapezi ya shaba au alumini pembeni, likashikana na nyuzi za nguo hadi likawa pazia zito la kijivu. Feni inazunguka, kelele ipo, hewa haitoki. Ili kulifikia, mara nyingi unatoa skrubu za feni na kuinyanyua. Ukipuliza kwa pampu, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno. Yakizungushwa kwa kasi ya upepo huo yanaweza kuharibika. Ukishafika hapo badilisha na pesti kati ya prosesa na chuma cha kupozea kama haijaguswa kwa miaka. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Mafundi wengine huipaka kama siagi, nayo ikamwagikia kwenye vijirezista vya pembeni.

## Joto ni 70 tu, lakini wati hazipiti 15. Kwa nini?

Kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Intel huweka vikomo viwili: cha muda mrefu na cha muda mfupi. Prosesa ya wati 15 inaruhusiwa kupanda hadi, tuseme, 25 au zaidi kwa sekunde kadhaa, kisha inarudishwa kwenye 15. Visome hapa:

`grep . /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_*_power_limit_uw`

Namba ni za mikrowati, kwa hiyo 15000000 ni wati 15. Kama kikomo cha muda mrefu kinalingana na sifa za prosesa yako, huna ugonjwa. Umenunua laptopu nyembamba.

Kikiwa chini ya hapo, wati 10 au 7, kuna aliyekishusha. Tazama hali ya jumla ya mashine:

`cat /sys/firmware/acpi/platform_profile`

Ukikuta low-power na hukuiweka wewe, hiyo inabadilishwa kwa `powerprofilesctl set balanced` au kwenye mipangilio ya umeme ya GNOME na KDE.

## Nina ThinkPad. Nasikia zina mambo yake.

Zina. Za kizazi cha T480 na X1 Carbon ya 6 zilijulikana kwa kubanwa mapema zikiwa na Linux, kwenye nyuzi 80 hivi, ilhali Windows iliziacha zipande zaidi. Watu waliandika programu inayoitwa throttled kurudisha vikomo kila baada ya sekunde chache, na bado inatumika. Kabla ya kuifikia, sasisha BIOS. Lenovo na Dell hupeleka masasisho kupitia fwupd, hauhitaji Windows: `fwupdmgr refresh`, kisha `fwupdmgr get-updates`.

Nyingine inachekesha kidogo. Baadhi ya ThinkPad hutambua kama zimewekwa mapajani, zikashusha joto zisikuunguze. Sensa hiyo hukosea hata juu ya meza isiyotulia. Iulize:

`cat /sys/devices/platform/thinkpad_acpi/dytc_lapmode`

Ikijibu 1, inaamini iko mapajani. Na `powerprofilesctl` itaandika kwamba utendaji umeshushwa kwa sababu ya lap-detected. Ihamishie juu ya kitu kigumu, subiri kidogo, uliza tena.

## Gavana wangu ni powersave. Nibadilishe kuwa performance?

Tazama kwanza nani anaendesha:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver`

Jibu likiwa intel_pstate, tulia. Jina powersave hapo linapotosha: gavana huyo hupandisha na kushusha kasi kulingana na kazi, na anaweza kufika juu kabisa. Ndiye wa kawaida kwenye laptopu nyingi za Intel. Kubadilisha kuwa performance kutakuongezea wepesi kidogo wa kuitika na kukupunguzia saa za betri. Hakuwezi kumfufua aliyekwama kwenye 400 MHz.

Jibu likiwa acpi-cpufreq au intel_cpufreq, mambo yanageuka. Hapo powersave maana yake ni ile ile iliyoandikwa: kasi ya chini kabisa, wakati wote. Weka schedutil, gavana anayefuata kazi iliyopo:

`sudo cpupower frequency-set -g schedutil`

Kuna kitu kimoja cha ziada chenye uzito kwenye intel_pstate, nacho ni faili la energy_performance_preference lililo kwenye folda hiyo hiyo ya cpufreq. Likiwa limeandikwa power, prosesa itakuwa mvivu kupanda. balance_performance linatosha kwa kazi za kila siku.

## Nitajuaje kama turbo imezimwa?

`cat /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

1 maana yake imezimwa. Kwa AMD na draiva za zamani soma `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`, ambako maana inageuka: 0 ndiyo imezimwa. Linganisha pia scaling_max_freq na cpuinfo_max_freq za cpu0. Ya kwanza ikiwa ndogo, kuna programu imeweka dari. Andika 0 kwenye no_turbo kwa `echo 0 | sudo tee` ya njia hiyo. Ikigoma, turbo imezimwa kwenye BIOS. Ikikubali kisha ikarudi 1 baada ya muda, soma swali linalofuata.

## Nina TLP, auto-cpufreq na power-profiles-daemon. Zinasaidiana?

Zinagombana. Zote ni programu za kusimamia umeme, na kila moja inaandika kwenye mafaili yale yale, na ya mwisho kuandika ndiyo inayoshinda mpaka nyingine iamke. Bakiza moja. Kwa mtumiaji wa kawaida wa GNOME au KDE, power-profiles-daemon inatosha, na ukitaka kusimamia kila kitu kwa mkono, TLP ni bora. Kwenye Fedora tangu toleo la 41 nafasi hiyo inashikwa na tuned.

`systemctl list-units | grep -E "tlp|auto-cpufreq|power-profiles|tuned|thermald"`

Thermald iache, hiyo ni ya joto na haigombani na hizo. Ina maana kwa Intel tu. Ukiwa na TLP, fungua /etc/tlp.conf utafute CPU_BOOST_ON_BAT (turbo ukiwa kwenye betri) na ndugu yake wa AC, yaani wa kwenye chaja. Mtu aliyefuata ushauri wa "okoa betri" miaka miwili iliyopita mara nyingi ndiye aliyeandika 0 hapo, akasahau.

## Yangu ni Ryzen.

Soma scaling_driver. Ikiwa acpi-cpufreq, prosesa yako inaendeshwa kwa ngazi chache tu, kwa kawaida tatu. Draiva ya amd_pstate iliingia kwenye kerneli 5.17 mwaka 2022, hali yake ya active ikaja na 6.3, na kuanzia 6.5 ndiyo inayochaguliwa yenyewe kwenye mashine zinazoifaa. Kerneli ikiwa mpya na bado unaona acpi-cpufreq, ingia BIOS utafute CPPC, mpangilio ambao draiva hiyo inautegemea, uiwashe. Vikomo vya wati kwenye Ryzen za laptopu husomwa kwa ryzenadj. Habari za rejista 0x1FC hazikuhusu, usiziguse.

## Kila ikitoka usingizini inaganda kwenye kasi ya chini.

Chomoa chaja, subiri sekunde kadhaa, rudisha. Ikipona, kidhibiti cha bodi hakikusoma chaja upya mashine ilipoamka, na dawa ya kudumu ni sasisho la BIOS. Isipopona, izime kabisa, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha iwashe. Hilo humaliza umeme uliobaki kwenye bodi na kukilazimisha kidhibiti kuanza upya. Linaonekana kama uganga, na linafanya kazi mara nyingi kuliko unavyotarajia.

## Kwenye top naona kidle_inj inakula prosesa.

Huo ni mzigo wa bandia. Kerneli inaingiza mapumziko ya lazima kwenye viini ili kushusha joto, kwa kutumia intel_powerclamp. Shughulikia joto. Kama unachokiona ni kworker (kazi za ndani za kerneli) isiyotulia, angalia `grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*`; mstari mmoja wenye mamilioni maana yake kifaa fulani kinapiga kelele bila kukoma, na prosesa inashinda ikikijibu.

## Nikirudisha Windows itapona?

Washa mashine kwa flashi yenye Linux nyingine bila kusakinisha, upime. Ikibanwa vile vile, mipangilio yako haina hatia. Linux husingiziwa hapa kwa sababu mara nyingi mtu hubadilisha mfumo wakati ule ule laptopu ilipoanza kuwa nzito. Uzito ndio uliomfanya abadilishe. Chaja yenye waya uliokatika itaibana Windows pia. Isipokuwa mambo ya vikomo vya ThinkPad, hapo Windows kweli inaweza kuwa nyepesi.

## MHz ziko juu, lakini bado nzito.

Basi ni RAM au diski. `free -h` itakuonyesha kama swap, sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa, nayo imejaa. `vmstat 1`, safu ya wa: ikikaa juu ya 20 muda wote, prosesa inasubiri diski. Kama bado una diski ya kuzunguka, SSD ya bei ya chini itakufanyia zaidi ya yote yaliyoandikwa humu.

## Fundi anasema bodi imekufa, ibadilishwe.

Inawezekana, lakini mwombe apime kwa chaja halisi yenye wati sahihi mbele yako, na akuonyeshe ukurasa wa BIOS unaotaja chaja. Nenda na picha mbili za turbostat, moja ukiwa kwenye chaja na nyingine kwenye betri, zote huku stress-ng ikikimbia. Kama ya betri inaonyesha 2000 MHz na kuendelea, bodi inaendesha prosesa vizuri, na kinachotakiwa kuguswa ni tundu la chaja na nyaya zake. Kama zote mbili zinaonyesha 400 hata kwa chaja nzima na betri nzima, muulize kuhusu sensa za joto na saketi ya kuchaji kabla ya kukubali bodi nzima. Fundi mwenye mita na mchoro wa bodi hufuatilia waya wa PROCHOT aone ni nani anauvuta chini.